Fedha ya Wengi, Hesabu ya Wachache
Uhakiki wa matumizi na uwajibikaji katika chama kilele cha akiba na mikopo

Tatizo lenyewe

Mwanzoni mwa mwaka 2025 wanaushirika wa Kenya walipata habari ambazo wengi wao hawakutazamia kuzisikia. Ukaguzi maalumu uliofanywa na kampuni ya PricewaterhouseCoopers katika KUSCCO, yaani Muungano wa Vyama vya Akiba na Mikopo vya Kenya, ulieleza kwamba shilingi za Kenya bilioni 13.3 zilikuwa zimepotea kwa njia za udanganyifu, na kwamba madeni ya chombo hicho yalizidi mali yake kwa shilingi bilioni 12.5. Kwa maneno mengine, chombo kilichoundwa mwaka 1973 ili kiwe mwavuli wa vyama vya watu wa kipato cha chini na cha kati kilikuwa kimefilisika, huku hesabu zake zikisomwa katika mikutano kana kwamba mambo yote ni mazuri.

Hatuandiki makala hii ili kumcheka jirani. Nyani haoni kundule, na sisi wa Tanzania tunayo historia yetu ya ushirika ambayo tutaifikia hapa chini. Wala hatuandiki ili kumhukumu mtu. Kusema nani aliiba na nani hakuiba ni kazi ya polisi na mahakama, na mtu hana hatia mpaka ithibitike. Kazi ya kada ni nyingine. Kada anatakiwa kuuliza: ilikuwaje fedha ya watu wengi namna hiyo ikapotea kwa muda mrefu bila wenyewe kujua?

Jibu linalosikika sana, katika magazeti na vijiweni, ni kwamba walikuwapo watu wabaya. Jibu hilo ni jepesi mno. Watu wenye tamaa wapo kila mahali, katika benki, katika serikali, katika makanisa na misikiti, na hata ndani ya vyama vya siasa. Linalotaka kuelezwa ni kwa nini mlango haukuwa na komeo. Mtu anayesema "walikuwa wabaya" kisha akaenda kulala, ameuacha mlango ule ule wazi kwa ajili ya wabaya wengine watakaokuja kesho.

Sisi tunasema hivi: mali ya ushirika hupotea pale ambapo fedha inapanda juu kutoka kwa mwanachama lakini taarifa haishuki chini kumfikia, na taarifa haishuki kwa sababu wale waliotumwa kwenda kuuliza wamekwisha kufanywa wageni waalikwa wa wale wanaopaswa kuulizwa. Huo ndio ukinzani tunaotaka kuuchambua.

Chimbuko la vyama vya akiba na mikopo

Ili tuelewe kilichoharibika, yatupasa kwanza tujue kilichokusudiwa. Mwaka 1864, katika kijiji cha Heddesdorf nchini Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo cha wakulima waliokuwa wamebanwa na wakopeshaji wa riba kubwa. Raiffeisen hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa meya na mcha Mungu aliyeanza na kazi za huruma kwa maskini. Hata hivyo kanuni alizozijenga zilikuwa na akili ndani yake. Chama kilikuwa cha eneo dogo, watu wanajuana. Viongozi hawakulipwa mshahara, isipokuwa mtunza fedha. Na kila mwanachama aliwajibika kwa madeni ya chama kwa mali yake yote.

Tuitazame kanuni hiyo ya mwisho. Mkulima aliyejua kwamba chama kikianguka ng'ombe wake na shamba lake vitakwenda, huyo hakuhitaji kuhimizwa kwenda mkutanoni. Alikwenda. Hakuhitaji kufundishwa kuuliza maswali. Aliuliza, kwa sababu aliyekopa alikuwa jirani yake, na mashine aliyosema amenunua kwa mkopo ilionekana au haikuonekana uani kwake. Uwajibikaji haukuwa sura katika katiba ya chama tu. Ulikuwa ni macho ya watu.

Lakini chama kidogo kina udhaifu wake. Hakina mwanasheria, hakina mhasibu mzuri, hakisikiki kwa wabunge, na mwezi ambao wanachama wote wanataka ada za shule sanduku lake hukauka. Kwa hiyo vyama vidogo huungana na kuunda chama cha juu, ambacho tunakiita chama kilele. Kazi yake ya asili ni tatu: kuvisemea vyama, kuvifundisha, na kuvishauri. Katika nia hiyo hakuna kosa. Umoja ni nguvu kwa wanyonge wa vijijini na kwa wanyonge wa maofisini vilevile. Kosa halikuwa kuungana. Kosa lilikuja katika namna ya kuungana.

Ngazi sita

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi huko Kakamega. Kila mwezi, kabla mshahara haujafika mkononi mwake, fedha fulani inakatwa na kupelekwa katika chama chake cha akiba na mikopo. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha hiyo ni chakula alichojinyima, ni viatu ambavyo mtoto hakununuliwa mwaka huo. Hiyo ndiyo fedha tunayoizungumzia, wala si tarakimu katika vitabu.

Mwalimu huyo yupo katika ngazi ya kwanza. Kwa kuwa chama chake kina maelfu ya wanachama, haendi mkutano mkuu yeye mwenyewe. Anachagua mjumbe, naye yupo ngazi ya pili. Wajumbe wanachagua bodi ya chama, ngazi ya tatu. Bodi inamteua mtu wa kukiwakilisha chama katika mkutano mkuu wa chama kilele, ngazi ya nne. Mkutano huo unachagua bodi ya chama kilele, ngazi ya tano. Bodi hiyo inaajiri mkurugenzi na mameneja, nao wapo ngazi ya sita. Mwenye kuweka saini katika hundi yupo ngazi ya sita, na mwenye fedha yupo ngazi ya kwanza.

Kwa nadharia ngazi hiyo ni demokrasia kamili, maana kila mtu amechaguliwa na mwenzake. Kwa vitendo, kila ngazi ni pazia. Mjumbe anamjibu mwalimu pale tu mwalimu anapomkumbuka. Bodi inawajibu wajumbe siku moja kwa mwaka. Mwakilishi aliyekwenda Nairobi anarudi na mkoba wenye nembo na kitabu cha hesabu chenye karatasi nzuri, anakiweka kabatini, na habari inaishia hapo. Ukimwuliza mwalimu wa Kakamega kuhusu jengo la chama kilele lililoko Upper Hill, atasema huenda aliliona siku moja akipita kwa basi. Hajui kwamba ni lake.

Hapo ndipo mali ya wote inapogeuka kuwa mali isiyo na mwenyewe. Mabadiliko hayo hayatangazwi na wala hayapigiwi kura. Yanatokea polepole, kwa kadiri umbali unavyozidi kati ya anayeweka fedha na anayeitumia. Na mali isiyo na mwenyewe haikai muda mrefu kabla ya kumpata mwenyewe mpya.

Msemaji aliyegeuka benki

Jambo la pili la kuchambua ni mrundikano wa kazi. KUSCCO haikubaki kuwa msemaji na mwalimu wa vyama. Ilijenga mfuko wa kupokea akiba za vyama na kuvikopesha vyama vingine. Ilikuwa na mpango wa nyumba. Ilikuwa na kampuni ya bima. Kila moja ya kazi hizo, ukiitazama peke yake, ina maana yake. Chama chenye ziada ya fedha leo kinaweza kumsaidia mwenzake aliyepungukiwa, badala ya wote wawili kuinyenyekea benki ya mabepari. Lakini kazi hizo zote zikikaa chini ya paa moja, mikononi mwa watu wale wale, zinagombana.

Zinagombana vipi? Msemaji wa vyama kazi yake ni kwenda kwa wizara na kwa wabunge kusema: sheria hii inatubana, ilegezeni. Mtunza fedha za vyama kazi yake ni kukubali kubanwa, tena kubanwa sana, kwa sababu anashika fedha ya watu. Mtu mmoja hawezi kuwa wakili wa uhuru wa vyama asubuhi na mchana akawa mtu anayeomba achunguzwe. Atachagua, na sote tunajua atachagua nini.

Kenya ilitunga sheria mwaka 2008 na kuunda mamlaka ya kusimamia vyama vya akiba na mikopo, inayojulikana kwa jina la SASRA. Vyama vinavyopokea amana vikawekwa chini ya masharti: kiasi cha mtaji, kiasi cha fedha za akiba ya dharura, taarifa za kila mara. Lakini chama kilele kilichokusanya akiba za vyama hivyo hivyo hakikuwa chini ya mamlaka hiyo. Msomaji aone ajabu ya jambo hili. Chama kidogo cha mji wa pembeni kilikaguliwa, na hapohapo kikaruhusiwa kupeleka sehemu ya fedha yake mahali ambapo mkaguzi huyo hana ufunguo. Mifereji midogo ilizibwa nyufa zake vizuri, lakini yote ikamwagia maji katika tangi lenye tundu.

Na kwa nini viongozi wa vyama walipeleka fedha huko? Kwanza, walitegemea riba. Pili, na hili ni zito zaidi, waliamini. Walisema: hiki ni chama chetu, kimeanzishwa na wazee wetu, hakiwezi kutudhulumu. Imani ya wanaushirika kwa chombo chao ni jambo jema, lakini imani bila uchunguzi ndiyo malisho ya urasimu. Matokeo yake yaliwashukia wasiohusika. Vyama vilivyokuwa na fedha huko vililazimika kutenga sehemu ya mapato yao ili kufidia hasara, na fedha iliyotengwa hivyo ndiyo ambayo mwanachama angegawiwa mwisho wa mwaka. Mwalimu wetu wa ngazi ya kwanza, ambaye hakuhudhuria kikao chochote, ndiye aliyelipa.

Ugumu wa kupima kazi ya maneno

Lipo tatizo moja linaloihusu aina hii ya vyombo peke yake, nasi makada hatujalisomea vya kutosha. Kiwanda cha nguo kikifuja pamba, vitambaa hupungua, na mfanyakazi wa chini kabisa ataona. Ghala la kahawa likiibiwa, magunia huhesabika. Lakini chama kilele kinachotoa huduma ya kusema, kufundisha na kutetea kinazalisha nini? Kinazalisha mikutano, semina, safari, vitabu vya rangi na hotuba. Matumizi yenyewe ndiyo yanayoonekana kama kazi. Kadiri safari zinavyokuwa nyingi ndivyo ripoti ya mwaka inavyonenepa. Mtu anaweza kutumia fedha nyingi mno bila kufanya lolote, na akasifiwa kwa juhudi.

Kwa sababu hiyo chama cha namna hii kinahitaji kipimo kikali kuliko kiwanda. Swali la mwanachama lisiwe "mmefanya semina ngapi?" Swali liwe: baada ya semina ile ya waweka hazina, ni vyama vingapi vilivyofunga hesabu zao kwa wakati ambavyo mwaka jana havikufunga? Safari ile ya nje ilileta kanuni gani, na kanuni hiyo inatumika katika chama gani? Bima ile imelipa madai ya wafiwa wangapi, na kwa siku ngapi? Pasipo kuwa na jibu la namna hiyo, matumizi hayo ni starehe iliyovalishwa nguo za kazi.

Posho na swali

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo, na hapa inatupasa tujikosoe wenyewe kabla ya kuwakosoa wengine.

Miaka kadhaa iliyopita tulihudhuria kama wajumbe mkutano mkuu wa chama kimoja cha kuweka na kukopa cha watumishi, ambacho hatutakitaja. Taarifa ya hesabu ilikuwa ajenda ya saba. Ajenda ya kwanza mpaka ya sita zilikuwa za kufungua, kutambulishana, kumsikiliza mgeni rasmi na kumshukuru. Ilipofika saa nane mchana wali ulikuwa umekwisha kuiva, na harufu yake ilikuwa imejaa ukumbini. Basi lilikuwa nje. Karani alikuwa anapita na karatasi ya posho, kila mjumbe anaweka saini. Makabrasha ya hesabu tuligawiwa saa ile ile. Mwenyekiti akauliza: "Ndugu wajumbe, kuna swali?" Mzee mmoja, mhudumu wa ofisi aliyekaribia kustaafu, akasimama akauliza fungu la "mengineyo" lina nini ndani yake, maana lilikuwa limezidi fungu la mafunzo. Watu wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Mzee, tunachelewa." Mzee akakaa. Hesabu zikapitishwa kwa makofi.

Nasi tulipiga makofi. Sisi ambao kazi yetu ni kufundisha elimu ya siasa, ambao tunaweza kuzungumza saa mbili juu ya unyonyaji, tulipiga makofi na kuweka saini katika karatasi ya posho. Swali la mzee yule halikujibiwa mpaka leo.

Tunalisimulia hili kwa sababu linaonyesha namna kitu kinavyofanyika. Hakuna aliyetuhonga. Posho ilikuwa halali, imepitishwa katika makisio. Lakini aliyeilipa alikuwa ni yule yule tuliyetumwa kumwuliza. Aliyepanga saa ya chakula, mpangilio wa ajenda, na wakati wa kutoa makabrasha alikuwa ni yeye. Mjumbe anayekula mezani kwa anayekaguliwa hahitaji kununuliwa, huona haya. Na haya ya mjumbe mmoja, ukiizidisha kwa wajumbe mia mbili na kwa miaka ishirini, inatosha kufilisi chama kikubwa bila bunduki wala bomba la kuvunjia kabati.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wajumbe wetu wamefundishwa kusifu. Tumewafundisha sisi.

Saini ya marehemu

Kati ya mambo yaliyoelezwa katika uchunguzi wa KUSCCO, moja limebaki katika vinywa vya watu: kwamba hesabu zilionekana kuwa na saini ya mkaguzi ambaye alikuwa amekwisha kufariki dunia. Watu wamecheka. Sisi tunadhani jambo hilo linafaa kufikiriwa kwa makini.

Saini hiyo iliwezaje kupita? Kitabu cha hesabu kilipita mezani kwa watu wenye elimu. Hakuna aliyempigia simu mkaguzi, hakuna aliyetaka mkaguzi asimame mbele ya mkutano aeleze alichokiona na asichoridhika nacho. Maana yake ni kwamba ukaguzi ulikuwa umekwisha kuwa karatasi tu kabla saini haijaghushiwa. Pale ambapo hakuna anayemtafuta mkaguzi, awe hai au amekufa ni mamoja.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ni kweli, lakini siku hizi yatupasa tuiongezee: na daftari bila msomaji hupotea vilevile. Hesabu si uwajibikaji. Hesabu ni chombo cha uwajibikaji. Uwajibikaji unaanza pale mtu mwenye haki ya kuuliza anapouliza, na mtu mwenye wajibu wa kujibu anapojibu, na jibu lisiporidhisha kitu kikatokea.

Dawa mbili ambazo haziponyi

Zipo dawa mbili zinazopendekezwa kila ushirika unapougua.

Dawa ya kwanza ni kwamba serikali ichukue, ivunje, iweke watu wake. Sisi Watanzania dawa hiyo tumeinywa, kwa hiyo tunaweza kuisemea. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalumu kuchunguza malalamiko ya wakulima juu ya vyama vya ushirika. Kamati iligundua matatizo ambayo msomaji atayatambua: wanachama wasiojua ushirika ni nini na haki zao ni zipi, upungufu wa watumishi wanaofaa, kukosekana kwa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na wanasiasa. Utambuzi wa ugonjwa ulikuwa sahihi. Lakini mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Je, fedha ya mkulima ikawa salama? Hapana. Mkulima aliyekuwa mbali na meneja wa chama kikuu akawa mbali zaidi na mkurugenzi wa mamlaka, ambaye hakumchagua na hakuweza kumwondoa. Ngazi haikufupishwa, iliondolewa vipandio. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha vyama, na mwaka huo huo likaundwa shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, COASCO. Tulikuwa tumevunja nyumba ili kumfukuza panya, na ikatubidi tuijenge upya.

Chama hakina budi kukubali sehemu yake katika kosa lile. Tulidhani kwamba mali ikiwa chini ya umma basi umma unaitawala. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Dawa ya pili ni ya waliberali. Wao wanasema: chama kilele hakifai, kila chama kijitegemee, mwenye ziada aipeleke benki. Dawa hii inasikika vizuri kwa vyama vikubwa vya mijini vyenye wahasibu na kompyuta. Lakini chama cha wakulima wa chai au cha wauguzi wa wilaya moja kitakwenda wapi siku kinapopungukiwa? Kitakwenda kwa benki, na benki itakikopesha kwa masharti yake. Hapo tutakuwa tumerudi Heddesdorf kabla ya mwaka 1864. Kosa la mwavuli kuwa na matundu halithibitishi kwamba mvua haipo.

Usimamizi wa dola unahitajika, na kila chombo kinachoshika amana za watu lazima kiwe chini ya sheria ya amana bila kujali jina lake ni tukufu kiasi gani. Lakini dola haiwezi kuwa macho ya mwanachama badala yake. Dola hufika baada ya wizi. Mwanachama yupo kabla.

Mambo ya kudai

Tunapendekeza mambo yafuatayo yajadiliwe katika vyama na katika madarasa yetu. Si maajabu, na kila moja linaweza kuanzishwa na mkutano mkuu bila kungoja sheria mpya.

Kwanza, kazi zitenganishwe. Msemaji wa vyama asiwe mtunza fedha za vyama. Mfuko wa kukopeshana na bima viwe vyombo vyenye bodi zao, hesabu zao na msimamizi wao, na mtu asikae katika bodi mbili.

Pili, posho ya mjumbe ilipwe na waliomtuma, si na anayekwenda kumhoji. Chama kisichoweza kumlipia mjumbe wake nauli na chakula kipeleke mmoja badala ya watatu. Mmoja mwenye njaa na swali ni bora kuliko watatu walioshiba.

Tatu, makabrasha ya hesabu yawafikie wajumbe siku thelathini kabla ya mkutano, na hesabu ziwe ajenda ya kwanza baada ya kufungua. Mgeni rasmi asubiri.

Nne, fungu la "mengineyo" lifutwe. Safari, semina, magari, posho za bodi na mishahara ya wakuu viandikwe kimoja kimoja, kwa tarakimu za mwaka huu na za mwaka uliopita, na vibandikwe ukutani mwa kila ofisi ya chama mwanachama, kwa Kiswahili kinachosomeka.

Tano, mkaguzi asimame mwenyewe mbele ya mkutano na kujibu maswali, na kamati ya usimamizi itoe taarifa yake bila kuipitisha kwanza kwa bodi wala kwa mkurugenzi.

Sita, mjumbe aliyetoka katika mkutano wa chama kilele arudi kwa waliomtuma na kuwaeleza kwa mdomo mambo matatu: aliuliza nini, alijibiwa nini, na nini hakikujibiwa. Mjumbe asiyeuliza kitu miaka miwili mfululizo asitumwe tena.

Kazi yetu

Tumalizie na sisi wenyewe. Katika vyuo vyetu tumefundisha kwa miaka mingi tofauti ya ubepari na ujamaa, na kijana anayehitimu anaweza kuieleza akiwa amefumba macho. Lakini mpe kijana huyo hesabu za chama cha akiba na mikopo cha mama yake, umwombe akuonyeshe mkopo usiolipika umefichwa wapi, au kwa nini ziada imeongezeka wakati fedha benki imepungua. Wengi watashindwa. Tumewapa maneno ya kupambana na mnyonyaji wa mbali, hatukuwapa macho ya kumwona aliyekaa meza kuu.

Elimu ya siasa isiyomwezesha mwanachama kusoma ukurasa wa matumizi ni elimu nusu. Kwa hiyo tunawataka wakufunzi wenzetu, kuanzia muhula ujao, kila kikundi cha kujisomea kichukue hesabu za chama kimoja kilicho jirani, kizisome mstari kwa mstari pamoja na wanachama wenyewe, na kiandike maswali. Tuanze na fungu la "mengineyo".

Mzee yule aliyekalishwa chini alikuwa na darasa la saba tu. Alijua kuliko sisi mahali pa kuangalia. Deni letu kwake ni kusimama safari nyingine na kuliuliza tena swali lake, na kutokaa mpaka lijibiwe, hata kama basi litaondoka.